Umeomba Kazi, Wamenyamaza

Lami inayotoka Ndori inaishia majini, pale Luanda Kotieno. Magari hupanga foleni kungoja kivuko cha Mbita, akina mama hupitisha samaki wa kukaanga madirishani, na mtu asiye na haraka hukaa kivulini akatoa simu. Ilikuwa Mei. Kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 uvuvi wa omena hufungwa upande wetu wa Ziwa Victoria ili samaki wapate kuzaana, na katika miezi hiyo minne vijana wengi wa ufuoni huwa na muda mwingi na pesa kidogo. Huo ndio msimu wa kuomba kazi.

Kijana niliyeketi naye siku hiyo alikuwa na diploma ya kutunza kumbukumbu za ofisi. Wiki sita nyuma alikuwa ameomba nafasi ya karani katika shirika moja ng'ambo ya maji. "Walinyamaza tu," aliniambia. "Hawa huwa na watu wao." Nikamuuliza kama amewaandikia tena. Akanitazama kana kwamba namwambia avunje sheria. Tangazo, alisema, lilieleza wazi kwamba atakayejaribu kuwashawishi waajiri ataondolewa mara moja.

Nikamwomba tufungue barua pepe yake. Haikufunguka. Akaunti ile alifunguliwa na mhudumu wa saiba pale Ndori, nywila ilikuwa kwenye daftari la mhudumu, na nambari ya simu ya kurejeshea akaunti ilikuwa ya mhudumu pia. Tukapanda bodaboda. Daftari lenyewe lilikuwa la shule, jalada la samawati, majina ya wateja upande wa kushoto na nywila zao upande wa kulia, yote kwa kalamu ya wino, na yeyote aliyeegemea kaunta angeweza kuyasoma. Barua ya kumwita kwa mahojiano ilikuwamo, kwenye folda ya barua taka. Ilikuwa na siku kumi na moja. Mahojiano yalikuwa yamefanyika Alhamisi iliyopita.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaambia vijana wa huku jambo moja: ukiomba kazi kisha usifuatilie, umefanya nusu ya kazi. Na kufuatilia si kubembeleza, wala si kutafuta njia ya mlango wa nyuma. Ni kuuliza swali la wazi, kwa mtu anayehusika, kwa wakati wake, mara moja au mbili, kisha kuendelea na maisha. Kwa mtu wa Nairobi pengine ni rahisi kupitia ofisini na kuuliza mapokezi. Kwa mtu wa Luanda Kotieno, kwenda kuuliza Siaya mjini au Kisumu ni nauli na siku nzima. Na ofisi ikiwa Mbita, ile unayoiona kwa macho ng'ambo, kivuko kikikosekana itabidi uzunguke kwa Kisumu, Katito, Kendu Bay na Homa Bay. Barua pepe inafika kwa bando la shilingi chache. Tuyajue matumizi yake.

Anza na sanduku lako mwenyewe, kabla hujamlaumu mwajiri. Akaunti ya barua pepe ni mali yako kama kitambulisho chako. Ifungue mwenyewe, weka nambari yako ya simu kuwa ya kurejeshea akaunti, na nywila uiweke kichwani au kwenye daftari lako la nyumbani. Kama ulifunguliwa na mtu wa saiba, rudi kwake wiki hii, kwa heshima, abadilishe nambari ile mkiwa pamoja, kisha ubadilishe nywila ukiwa peke yako. Wengi wa wahudumu hawa ni watu wema waliosaidia kijiji kizima. Lakini mhudumu huhama, saiba hufungwa, na daftari huloa mvua. Anwani nayo iwe na majina yako mawili kama yalivyo kwenye vyeti. Jina la utani ulilojipa kidato cha pili, lenye namba na mbwembwe, halikuondolei sifa, ila linamfanya karani anayetafuta barua yako kati ya mia tano ashindwe kukutambua.

Ukishaingia, angalia mahali patatu. Kwanza folda ya barua taka, ile ambayo simu nyingi huiandika Spam. Pili, tafuta jina la shirika kwenye sanduku zima, maana barua ya mwaliko mara nyingi hutoka anwani tofauti na ile uliyotumia kuomba. Tatu, fungua zilizotumwa uhakikishe kwamba maombi yako yalikwenda kweli. Picha ya cheti iliyopigwa kwa simu inaweza kuwa nzito. Ukiweka vyeti sita na mtandao unayumba, barua hukwama ikibaki kwako huku ukidhani imefika. Gmail hukubali viambatisho vya hadi megabaiti 25, lakini seva ya ofisi unayoiandikia inaweza kuwa na kikomo kidogo zaidi, na hapo utarudishiwa barua ya mashine yenye maneno mengi yasiyoeleweka. Ile barua usiifute. Ndiyo inayokuambia kwamba hukuomba.

Simu nayo ni sehemu ya sanduku. Ofisi nyingi bado hupiga kwa simu ya mezani, na nambari ngeni inayoanza na 057 inaweza kuwa Kisumu, ya 020 ni Nairobi. Pokea. Kama unakesha ziwani na taa zako za omena, simu ikiwa imefungwa ndani ya karatasi ya plastiki chini ya mbao, mwachie mtu wa nyumbani nambari ya pili uliyoiandika kwenye wasifu wako, na umwambie ni kazi gani umeomba na wapi, ili akipigiwa asiseme hakujui.

Sasa wakati wa kuandika. Kosa la kawaida ni kuhesabu siku tangu ulipotuma maombi. Mwajiri hahesabu hivyo. Yeye huhesabu tangu siku ya makataa. Ukituma tarehe 3 na makataa ni tarehe 14, kuuliza tarehe 10 ni kumuuliza mpishi chakula kimeivaje ilhali bado anachambua mchele. Kwa shirika la binafsi au lisilo la kiserikali, mimi hushauri wiki mbili baada ya makataa. Tangazo likiwa limesema lini watawaita watu, ngoja siku hiyo ipite, ongeza siku mbili au tatu za kazi, ndipo uandike. Jumatatu asubuhi ofisi hupambana na barua za wikendi. Ijumaa mchana watu wana mawazo ya safari. Jumanne hadi Alhamisi, asubuhi, barua yako inakuta mtu ameketi. Kama muda wako wa kuandika ni saa nane za usiku, andika wakati huo lakini ipangie barua iondoke saa mbili na nusu asubuhi; Gmail ina kipengele hicho. Ina kingine pia cha kuirudisha barua ndani ya sekunde chache baada ya kuituma, na unaweza kuziongeza sekunde hizo hadi 30 kwenye mipangilio. Zitakuokoa siku utakayogundua umeandika jina la shirika lingine. Mimi niliwahi kulituma kosa hilo likafika, na sikujibiwa.

Ajira ya serikali ina mwendo wake, na hapo kusoma kunatangulia kuandika. Tume ya Utumishi wa Umma huchapisha majina ya walioorodheshwa kwenye tovuti yake. Matangazo ya serikali hutoka pia katika gazeti la MyGov kila Jumanne. Bodi za utumishi wa umma za kaunti hutumia tovuti za kaunti na mbao za matangazo, na huchukua miezi. Ukiandika kuuliza jambo ambalo tayari limebandikwa, umejionyesha kuwa husomi. Wenzetu wa Tanzania wanaijua desturi hii vizuri: wanaoomba kupitia Sekretarieti ya Ajira huzoea kuchungulia tovuti kila mara kutafuta tangazo la kuitwa kwenye usaili, wala hawangoji mtu awapigie. Kwa nafasi za serikali, fanya hivyo kwanza. Ukikuta hakuna kitu na muda umekwenda, andika.

Barua yenyewe iwe fupi. Nauweka mfano kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayozungumza hapa. Tangazo likiwa la Kiingereza, yaandike mambo haya haya kwa Kiingereza. Iandike kutoka ndani ya barua ile ile uliyotumia kuomba, usianze mpya, ili maombi yako yawe chini yake na anayesoma asitafute.

Kichwa cha barua: Kufuatilia maombi ya nafasi ya karani wa kumbukumbu, tangazo nambari 07, kisha majina yako kamili.

"Kwa Mkuu wa Idara ya Wafanyakazi. Tarehe 3 Machi nilituma maombi ya nafasi ya karani wa kumbukumbu, kituo cha Bondo, kupitia anwani hii. Makataa yalikuwa tarehe 14 Machi. Ninaomba kujua mambo mawili: kama maombi yangu na viambatisho vyote vitatu vilifika, na kama kuna tarehe inayotarajiwa ya kuwaita watu kwa mahojiano. Bado ninaitaka nafasi hii, na ninaweza kufika Bondo siku yoyote ya kazi. Nambari yangu ya simu ni ile iliyo kwenye wasifu. Asante kwa muda wako." Halafu majina yako, nambari ya kitambulisho kama tangazo liliitaka, na simu.

Itazame kwa makini. Maswali ni mawili, na yote yanajibika kwa mstari mmoja. Karani anayeisoma hana mamlaka ya kukuajiri, lakini ana uwezo wa kuangalia kama faili lako limo. Mpe kazi anayoweza kuifanya kwa dakika mbili naye ataifanya. Ukimuuliza "mmefikia wapi?" au "kwa nini hamnijibu?", umempa swali ambalo lazima ampelekee mkubwa wake, na barua ya namna hiyo huachwa chini ya rundo. Viambatisho usivitume tena isipokuwa wakiviomba. Maombi mawili ya mtu mmoja huleta utata. Ukigundua kosa kabla ya makataa, tuma faili sahihi na useme waziwazi linachukua nafasi ya lipi. Baada ya makataa usibadilishe kitu, isipokuwa simu yako ikiwa imebadilika. Hilo la simu, waambie siku hiyo hiyo.

Kuna jambo ambalo naliandika kwa uchungu kwa sababu nimelisoma mara nyingi. Vijana hueleza shida za nyumbani: mzazi mgonjwa, karo ya wadogo, nyavu zilizoibwa. Shida hizo ni za kweli, na anayezisoma huenda naye ana zake zinazofanana. Lakini hana pa kuziweka. Fomu yake ina visanduku vya elimu, uzoefu na marejeleo. Hakuna kisanduku cha machozi. Ukimwelezea umaskini wako unamlemea moyo bila kumpa sababu ya kukuita. Mstari huo huo ungeutumia kumkumbusha jambo moja unalolijua kufanya: kwamba uliweka hesabu za samaki wanaopimwa kwenye kamati ya ufuo, BMU, kwa misimu miwili; kwamba Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza unaviandika vyote. Huo ndio uzito wako.

Yule kijana niliyekwenda naye Ndori nilimsaidia kuandika barua pale pale saiba. Alikiri kwamba mwaliko aliuona umechelewa, akaomba radhi kwa mstari mmoja, akauliza kama kuna hatua yoyote iliyobaki. Jibu lilikuja siku ya tatu. Nafasi ilikuwa imeshapata mtu. Waliongeza kwamba walimpigia simu mara mbili kwa nambari iliyo kwenye wasifu wake. Laini ile ilizama ziwani na simu yake mwezi wa Machi, na hakumwambia mtu. Hakuipata kazi ile. Alichopata ni kujua kwamba aliitwa, na kwamba maneno yake ya "huwa na watu wao" hayakuwa kweli safari hiyo.

Maneno hayo nitayagusa kidogo, kwa sababu ndiyo yanayotufunga mikono. Upendeleo upo, nani huku asiyeujua? Ila tumeuamini mpaka tukaacha kufanya hata yale yaliyo mikononi mwetu. Na sentensi ile ya matangazo, kwamba kushawishi kwa namna yoyote kutamwondoa mwombaji, tumeisoma visivyo. Inayozuiwa ni kumtuma mwakilishi wadi akupigie simu, kumfuata mjumbe wa bodi mazishini ukamwachie bahasha ya vyeti, kumwambia mwalimu wako wa zamani amwambie shemeji yake. Katiba, katika kifungu cha 232, inataka ajira za umma zitolewe kwa ushindani wa haki na ustahili, na sentensi ile inalinda jambo hilo. Kuuliza kama barua yako ilifika hakumnyang'anyi mtu haki yake. Kipimo ninachokitumia ni chepesi: kama barua yako ingeweza kubandikwa ukutani mbele ya waombaji wenzako wote na usione haya, huo ni ufuatiliaji. Kama inahitaji kusomwa na mtu mmoja tu na kufutwa, huo ni ushawishi. Usiitume.

Ofisi ya umma inaponyamaza kupita kiasi, una zaidi ya adabu yako. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo, na asiyejua kuandika husikilizwa na afisa akamwandikia. Afisa anapaswa kuamua ndani ya siku 21. Unaweza kuuliza kama uchujaji umekamilika, lini orodha ilitolewa na ilibandikwa wapi, na maombi yako yaliishia hatua gani. Usidai vyeti vya wengine. Hizo ni siri zao. Ukinyimwa bila sababu, Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Ombudsman, ndiyo inayosimamia sheria hiyo, na ina ofisi Kisumu. Njia hii si ya kila maombi. Iweke kwa ajili ya pale ulipouliza kwa upole mara mbili, miezi imepita, na una sababu ya kuamini mambo hayakwenda sawa.

Kisha kuna barua zinazojibu haraka mno. Umeandika kufuatilia, na baada ya saa moja unaambiwa umepita, tuma shilingi elfu mbili za uchunguzi wa afya au za kuharakisha cheti cha tabia njema kwa nambari ya M-Pesa yenye jina la mtu binafsi. Simama hapo hapo. KEMRI, ambayo huku Asembo imefanya utafiti wa afya ya vijiji kwa miaka mingi na kuajiri wenyeji wengi, huandika kwenye matangazo yake kwamba haitozi ada katika hatua yoyote ya ajira, na mashirika mengi ya kuaminika husema vivyo hivyo. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri haruhusiwi kumdai mwombaji vyeti vya kuidhinishwa mpaka awe anakusudia kuingia naye mkataba wa kazi. Cheti cha tabia njema nacho hulipiwa kupitia eCitizen, hakilipiwi kwa simu ya mtu. Angalia anwani iliyotuma barua, herufi kwa herufi, uilinganishe na ile ya tangazo. Herufi moja iliyoongezwa katikati ya jina la shirika inatosha kukuibia pesa za msimu mzima wa uvuvi.

Ukiitwa na ukafanya mahojiano, andika kesho yake. Hapa sisemi zile shukrani za kunakili zinazofanana kama matofali. Mistari minne: asante kwa kunipa nafasi, siku fulani, kwa kazi fulani, jambo moja mlilolizungumza ambalo umelifikiria zaidi, na ahadi yoyote uliyoitoa uitimize humo. Waliuliza kama una leseni ya pikipiki ukasema ipo nyumbani? Iambatishe. Umeulizwa swali la mtego wa mbung'o au mbu katika kituo cha utafiti ukababaika? Sema kwa sentensi mbili jibu ambalo ungelitoa. Ng'ambo yetu pale Mbita kuna kampasi ya taasisi ya utafiti ya icipe inayoitwa kwa jina la Thomas Odhiambo, mwanasayansi aliyeianzisha taasisi hiyo mwaka 1970, na vituo vya namna hiyo huthamini mtu anayerudi kwenye swali lililomshinda. Mimi pia namthamini. Ila kama wanaohoji ni bodi ya umma, usimwandikie mjumbe mmoja mmoja. Andikia anwani ya ofisi tu, au acha kabisa.

Barua ya pili ya kufuatilia hutumwa wiki mbili hadi tatu baada ya ya kwanza, nayo ni fupi kuliko ya kwanza. Baada ya hiyo, acha. Najua ni vigumu, hasa kazi ikiwa ndiyo ile uliyoiota tangu ukiwa chuo pale Bondo au Maseno. Lakini barua ya tatu, ya nne na ya tano hubadilisha jina lako kutoka mwombaji kuwa msumbufu, na ofisi za eneo hili si nyingi. Karani huyo huyo utamkuta tena mwaka ujao kwenye meza nyingine. Wakikujibu kwamba hukufanikiwa, jibu kwa mistari miwili ya shukrani na uulize, ikiwezekana, ulipungukiwa na nini. Wengine watakujibu, na jibu hilo lina thamani kubwa kuliko semina nyingi za kutafuta kazi.

Mnaoajiri nanyi mnisikie. Kuweka jibu la mashine linalosema "maombi yako yamefika, tutawaita watu kufikia tarehe fulani" ni kazi ya dakika kumi, inayofanywa mara moja. Kijana aliyeko ufuoni aliyelipa saiba, skana na bando ili awafikie anastahili sentensi hiyo. Kumwacha anyamaziwe miezi minne halafu mkamlaumu kwa kuamini kwamba kazi zina wenyewe si haki.

Nawe mwombaji, napendekeza uweke daftari. La shule linatosha, lakini liwe lako. Kila maombi mstari wake: jina la shirika, nambari ya tangazo, anwani uliyotumia, tarehe uliyotuma, makataa, tarehe ya barua ya kwanza ya kufuatilia, ya pili, na jibu. Ukipigiwa simu ghafla ukiwa sokoni Aram, utajua wanazungumzia kazi ipi. Kijana yule sasa analo. Mara ya mwisho nilipolitazama lilikuwa na mistari kumi na tisa na majibu saba, mawili kati yake ya kumwita kwa mahojiano.

Basi fungua sanduku lako leo. Angalia barua taka, angalia zilizotumwa, tafuta tarehe za makataa. Pale ambapo wiki mbili zimepita na hakuna kilichotangazwa, andika kesho saa mbili na nusu asubuhi, maswali mawili tu, na majina yako kamili chini.